Mume wangu ameshindwa kunyanyuka kwenye kiti

Wapendwa, Mungu anisamehe, leo nina hasira na wifi yangu.

Mnajua Baba Neema, mume wangu, anaumwa moyo. Tangu augue, dada yake amehamia kwetu hapa Mpemba kumtunza. Jembe amelifungia stoo. Hata kikombe cha chai anamshikia!

Siku mume wangu alipobeba kidumu kidogo cha maji, wifi alinipigia kelele mpaka majirani wakatoka.

"Unataka kumuua kaka yangu ubaki na shamba la kahawa!"

Nikampokea mume wangu kile kidumu. Ningebishana na ukoo mzima?

Leo kliniki daktari akamwambia, "Mzee, simama bila kushika kiti."

Akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, miguu ikatetemeka kama ya ndama.

Wifi akaruka kumwinua. Daktari akamzuia.

"Mwache, mama. Dawa zinausaidia moyo, lakini mwili ukilegea hivi, maisha nayo yanafupika. Anatakiwa atembee, abebe vitu vyepesi."

Jamani, nilidhani wifi ataona aibu.

Akanigeukia palepale: "Na wewe mkewe, siku zote ulikuwa wapi?"



Tumerudi nyumbani. Sasa hivi Baba Neema ameshika ukuta, anakwenda hadi mlangoni na kurudi. Wifi amenuna jikoni.

Wanajumuiya wenzangu, kesho mkija kumwombea, msimwambie akae. Mwombeeni hivyohivyo amesimama, nami nitamshika mkono.