Madame Dancille na watoto kumi na mmoja wa mlimani

Saa mbili asubuhi, darasa la sita la shule moja ya Kiprotestanti mtaani Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, lina kelele kama soko la Birere. Wanafunzi sitini na wawili wanazungumza kwa wakati mmoja, na mwalimu wao hawanyamazishi. Amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kichwa amekiinamisha kidogo. Anasikiliza.

Ubaoni kuna swali moja tu. Jibini moja ya Masisi inahitaji lita kumi za maziwa. Mfugaji ana ng'ombe wanane, na kila mmoja anatoa lita tano kwa siku. Kwa wiki nzima atapata jibini ngapi?

Kwenye dawati la dirishani wanasimama watoto wawili kwa pamoja, mvulana na msichana. "Kiti yetu iko tayari, Madame!" wanapaza sauti, yaani dawati lao.

"Makumi mbili na munane," anajibu msichana, Niyigena, mwenye miaka kumi na mitatu. Mvulana, Gradi, anaeleza hatua kwa hatua walivyofika hapo. Jibu ni sahihi na wangeweza kukaa, lakini Niyigena bado amesimama.

"Madame, ile ng'ombe kama iko na mutoto, hauwezi kumukamulia yote. Mutoto atakula nini?"

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu naye anacheka, kisha anamgeukia Gradi. "Umesikia? Hesabu yenu imesahau ndama. Ndama mmoja anywe lita moja kila siku. Mufanye tena, kiti zote!"

Huyo ndiye Mukamazimpaka Dancille, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, ambaye wazazi na wanafunzi wanamwita Madame Dancille. Anafundisha masomo yote ya darasa la sita: Kifaransa, hesabu, sayansi, jiografia, historia, uraia na dini. Mwezi ujao wanafunzi wake watafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Ni mtihani ambao nusura baadhi yao wauone kwa macho tu.

Katika darasa lake hakuna anayejibu peke yake. Kila dawati lina mtoto mmoja wa mjini na, pale inapowezekana, mmoja aliyetoka milimani. Wote wawili wasipolielewa jambo, hawasimami. Ukisimama huku mwenzako hajui, unarudishwa chini, na Madame Dancille ana jicho la kukukamata.

Mtindo huo aliuanza Februari mwaka huu wa 2023, vita vilipoikaribia barabara ya Masisi, wilaya ya milima magharibi mwa mji, na familia kwa maelfu zikateremka kuelekea Sake na Goma. Wengi walijenga vibanda vya matawi na turubai huko Bulengo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka shuleni. Watoto kumi na mmoja wakaja kubisha hodi darasa la sita. Hawakuwa na sare wala vitabu.

"Niliwaangalia, nikaona hawana kitu ingine isipokuwa yale yenye kuwa mu kichwa," anasema Madame Dancille. "Basi nikasema, tutatumia yale yenye kuwa mu kichwa."

Kwa hiyo wiki moja darasa zima lilisoma ng'ombe. Katika sayansi walijifunza tumbo lake, katika jiografia njia yanazopitia maziwa yake kutoka Mushaki hadi Goma, katika Kifaransa barua ya kuomba daktari wa mifugo, na katika dini wajibu wa mtu kwa mnyama wa jirani yake. Watoto wa milimani waling'aa. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano ambayo mji huu umejengwa juu yake, na hapo watoto wa mjini ndio walioongoza.

Wazazi fulani hawakuupenda mchezo huo hata kidogo.

Shule hii inajivunia jambo moja: kwa miaka mingi, kila mtoto wake wa darasa la sita amefaulu mtihani wa taifa. Mia kwa mia. Sifa hiyo ndiyo inayowavuta wazazi. Mwezi Machi, kundi la wazazi lilimwendea mkuu wa shule, Barthélemy Habarurema, na ombi: watoto kumi na mmoja waendelee kukaa darasani, sawa, ila wasiandikishwe kwa mtihani mwaka huu. Wangojee mwaka ujao.

Msemaji wao alikuwa Viateur, muuza vipuri vya pikipiki huko Birere. Ni mtu mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti. Na ni baba yake Gradi.

"Mutoto wangu hapana mwalimu," alisema siku hiyo, na leo hakani kwamba alisema. "Nilimutuma ku masomo ajifunze. Sikumutuma akokote mwenzake."

Madame Dancille aliposikia, alienda ofisini kwa mkuu wa shule hata kabla ya kufuta ubao. Alimwambia kwamba kama watoto kumi na mmoja hawataandikishwa, amtafute mtu mwingine wa kulimalizia darasa lile.

Hayakuwa maneno ya mtu mwenye akiba. Mwaka 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka, makoro yalimeza nyumba yake ya mbao huko Buhene pamoja na kila kilichokuwa ndani. Tangu hapo anapanga vyumba viwili mtaani Mapendo na watoto wake watatu, na wawili wa marehemu dada yake. Kila asubuhi anavuka mji kwa miguu. Mshahara ukichelewa, na huchelewa, chakula nyumbani ni mara moja kwa siku.

"Nilisema nikiwa na hasira," anakiri, huku akijipangusa chaki mikononi. "Usiku nikajiuliza, Dancille, batoto watakula ile hasira yako? Lakini sikurudi kubadilisha."

Ana sababu yake. Mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na miwili katika shule ya misheni huko Masisi, naye alikuwa darasa la sita. Mapigano yakazuka, shule ikafungwa, na mtihani ukafanyika bila wao. Alikuja kuufanya Goma miaka mitatu baadaye, katikati ya watoto waliomfikia mabegani. "Waliniita Mama," anasema. "Nilifaulu, lakini ile haya ilikaa." Wenzake wengi wa darasa lile hawakurudi shuleni tena, na anapowataja anaangalia pembeni.

Barthélemy, mkuu wa shule, alikuwa katikati kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili. Aliitisha mkutano wa wazazi ufanyike mwishoni mwa Aprili, kabla majina hayajapelekwa. Huko ndiko mambo yangeamuliwa.

Wakati watu wazima wakivutana, darasa liliingia katika somo la hewa.

Goma ni mji ambao mtoto hawezi kusoma hewa bila kusoma mazuku. Ndivyo watu wa hapa wanavyoiita hewa yenye sumu inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, hasa upande huu wa Sake. Haina rangi wala moshi. Madame Dancille aliwasha mshumaa ndani ya beseni, akaonyesha unavyozimika hewa nzito ikiujia, kisha akasema kila dawati lielezane lenyewe mpaka wawili waelewe.

Gradi, aliyezaliwa hapo Ndosho, alimwambia Niyigena kwa lugha yao. "Mazuku iko sawa maji. Inatafuta fasi ya chini, inalala pale. Tofauti ni kama hauioni. Ukiona majani imekauka mu shimo, na ndege imekufa, usishuke."

Niyigena akauliza: "Na nyumba ikiwa mule mu shimo?"

"Nilikuwa nyuma yao," anakumbuka mwalimu. "Nikajua ile swali haikuwa ya mutihani."

Kibanda cha mama yake Niyigena kilikuwa kwenye kibonde, na hakikuwekwa hapo kwa bahati mbaya. Mama huyo, Julienne, alikichagua mwenyewe kwa ujuzi wa maisha yake yote. Kule kwao, kwenye vilima vya Masisi, upepo na mvua ya baridi hupita juu ya mgongo wa mlima, na mtu mwenye akili hujenga chini kidogo, mahali palipojikinga. Ndama nao hulazwa hapo. Alipofika Bulengo na kukuta kibonde kitupu ambacho wenyeji wamekiacha, alimshukuru Mungu kwa kumtunzia nafasi nzuri vile.

Binti yake alipomwambia wahame, alimkatalia. "Nimejenga nyumba tangu nilikuwa bibi-arusi," anasema sasa, akijicheka. "Mutoto wa la sita anifundishe fasi ya kujenga? Nilimuambia, wewe nenda chota maji."

Kesho yake Niyigena hakuja shuleni. Alikataa kumwacha mama yake na wadogo zake watatu mahali pale. Baada ya masomo Madame Dancille alitembea hadi Bulengo, na badala ya kuingia kibandani alizunguka nyuma yake. Majani yalikuwa yamekauka ingawa mvua zilikuwa zikinyesha, na chini palilala ndege wawili wadogo. Akazungumza na Julienne kwa Kinyarwanda, mama kwa mama, mtu wa Masisi kwa mtu wa Masisi. Hata yeye, alimwambia, asingejua kama asingeishi hapa.

Jioni ileile walihamisha matawi na turubai hadi juu ya kilima, kwenye upepo.

Jirani mmoja, kuona kibonde kimebaki wazi na mvua inakuja, alifunga humo mbuzi wake wawili. Alfajiri aliwakuta wamekufa, bila jeraha.

Siku ya mkutano, Julienne alikuja na kusimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kitenge amejifunga mabegani. Viateur alikuwa amekwisha kuzungumza, na wazazi wengi walikuwa wakitikisa vichwa kumkubalia. Julienne akainua mkono. Alianza na safari ya kutoka Masisi, akaja kwenye kibonde, akafika kwa mbuzi.

"Mama, samahani," Viateur akamkatiza. "Tuko ku maneno ya mutihani, hapana ya mbuzi."

"Niko nafika pale, Papa," akajibu Julienne kwa upole. "Ile mutoto mwenye anakaa kiti moja na wangu, ndiye alimufundisha juu ya mazuku. Banamuita Gradi. Baba yake simujui. Kama iko humu, Mungu amubariki, juu mi ningekufa na batoto yangu bane."

Vichwa vyote vilimgeukia Viateur. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Ni miye," alisema mwishowe. Kisha, kwa sauti ya chini: "Wote baandikwe."

Kibandani kwake Birere, katikati ya minyororo na plagi za pikipiki, anaeleza jambo hilo kama mtu ambaye bado analizoea. "Nilifikiri mutoto anapoteza wakati. Nikamuuliza jioni, hii ya mazuku ulimuambia aje? Akaeleza vizuri, Papa, sawa docteur! Gradi huyu mwenye alikuwa anaogopa kusoma mbele ya watu." Anatabasamu, halafu anakumbuka kujikaza. "Lakini apite mutihani. Ile haijabadilika."

Si wote waliolainika. Mama mmoja alimhamisha mtoto wake Jumatatu iliyofuata, na baba mwingine bado hamsalimii Madame Dancille wakikutana kanisani. Yeye humsalimia hivyo hivyo, kila Jumapili, kwa jina na kwa sauti ya kusikika.

Majina ya watoto kumi na mmoja yalipelekwa pamoja na ya wenzao. Wiki hii darasa limefika kwenye somo ambalo mwalimu wao analiogopa kuliko yote, historia. Vita vilivyomo katika masomo vinakaribia mno vile vilivyowaleta wengine hapa. Anafundisha mpaka pale anapomwona mtoto ameanza kutazama sakafu. Hapo anafunga kitabu na kuwaambia waimbe.

Ana mpango pia. Likizo ikianza anataka kupeleka ubao Bulengo, kwa watoto wa darasa la sita ambao hawakupata nafasi mwaka huu, na wanafunzi wake watakaomaliza wamekubali kwenda naye kukaa nao ubavuni. Turubai hana bado. Ubao ameshaahidiwa, na aliyeahidi kuusafirisha kwa pikipiki ni muuza vipuri mmoja wa Birere.

Kengele ya mapumziko inalia na watoto wanamwagika nje. Mwandishi wa makala haya anauliza swali la mwisho, lile ambalo kila msomaji angeuliza: anatarajia wangapi wafaulu, asilimia ngapi?

Madame Dancille anamtazama kwa uso wa mtu aliyeumizwa na mgeni wake.

"Na wewe pia?" anasema. "Niulize wangapi wataingia mu chumba ya mutihani."

Wangapi, Madame?

"Wote," anajibu, na macho yake yanajaa machozi. "Wote wataingia."