Picha Iliyomtisha Madam

Wiki iliyopita nilikuwa dukani kwa fundi wa fremu, mtaani Al Baraha, huku ughaibuni, alipoingia dada mmoja Mganda, mfanyakazi wa ndani, amebeba picha iliyofungwa kwa shuka.

"Fungua wewe," alimwambia fundi. "Mimi sitaki aniangalie tena."

Ilikuwa picha ya kale ya watawa wa Kihindu. Aliyekaa mbele alikuwa amejipaka majivu, na mkono mmoja ameuinua juu hadi umekauka. Dada alisema alikuwa akiifuta vumbi, akahisi macho yale yanamfuata, ikamponyoka na kioo kikavunjika. Madam, tajiri wake, alikuwa njiani kuja dukani.

"Leo atanirudisha kwetu," alinong'ona.

Fundi, Mhindi mzaliwa wa Tanga, alijaribu kumtuliza. "Si mchawi huyu, dada. Ni mcha Mungu. Ameweka nadhiri asiushushe mkono maisha yake yote."

"Maisha yote?" Dada alijishika bega.

Mlango ukafunguliwa. Madam hakuuliza habari ya kioo. Aliitupia picha jicho mara moja, akageuka upande.

"Ni urithi wa baba mkwe, siwezi kuitupa," alimwambia dada kwa Kiingereza, taratibu. "Lakini namwogopa. Ndiyo maana nilimtundika karibu na mlango wa chumba chako."

Dada alimkodolea macho. "Basi sasa akae sebuleni, madam. Tumwogope sote."

Madam aliinamisha kichwa, akakubali.

Nilijua kwamba mtumishi hufua nguo za tajiri na kulea watoto wake. Sikujua kwamba hata hofu ya tajiri hutafutiwa msumari karibu na chumba cha mtumishi.