Ufito wa Shaba kwenye Harusi ya Chilangala

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru na maduka ya Masasi yakajaa vitu vya nje, mume wangu alinunua amplifaya ya mtumba, akaanza kupiga muziki harusini kwa betri ya gari. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia Newala. Jumamosi nilimfuata, nikisema naenda kumsaidia. Ukweli ni kwamba nilipenda kucheza.

Harusi moja ya Chilangala, sauti ilianza kufifia, kisha ikazimika kabisa. Kina mama wakasimama katikati ya wimbo.

"Betri nimeichaji leo asubuhi," mume wangu alisema, jasho likimtoka.

Betri ilikuwa mbali kidogo na amplifaya, na badala ya waya, zilizoviunganisha ni fito mbili za shaba alizofuliwa na mhunzi wa Nanganga. Nikaugusa mmoja, nikarudisha mkono haraka. Ulikuwa wa moto.

"Shaba gani hii?"

"Ya waya za mota mbovu. Ilikuwa haitoshi, mhunzi akaongezea koki za bomba zilizochakaa."

"Koki zina zinki! Umeme unapita vizuri kwenye shaba safi. Ukiichanganya, chembe ngeni zinauzuia njiani. Nguvu inaishia kuwa joto."

Mwenye gari lililomleta bibi harusi alitutolea waya zake za kuamshia betri. Tukaunga, muziki ukarudi, na mama wa bibi harusi akanivuta mkono nikacheze.

Kesho yake nilikuwa uani nikimenya ming'oko, vile viazi vya porini. Mume wangu alikuja na transista iliyoungua, kidude cha ndani ya redio, ameipasua.

"Na humu ndani kuna chuma gani safi?"

"Si chuma. Ni silikoni. Ikiwa safi kabisa, umeme haupiti kwa urahisi. Wanaitia fosforasi kidogo mno, ndiyo inaupitisha."

Akainua kichwa. "Ngoja, Mwalimu. Kwenye shaba uchafu unazuia, kwenye hii unafungua njia?"

"Ndiyo. Fosforasi inaiongezea elektroni, chembe zinazobeba umeme. Shaba tayari inazo tele, uchafu unazikwaza tu."

Alicheka kwa sauti, akaishika ile transista juani, akiigeuzageuza.

"Basi nifundishe tangu mwanzo," alisema. "Leo sina harusi."

Nikachukua mkaa, nikaanza kumchorea sakafuni. Ming'oko ilichelewa sana siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.