Blauzi ya Romansi

Wenzangu mliopanga foleni ya sabuni mkiwa watoto mtanielewa. Ruksa ya biashara ilipoingia, mitumba ikamwagwa chini sokoni Kibiti kama mpunga unaoanikwa, na sisi wa kule Mbwera tukaanza kunuka dawa ya nondo. Kwetu harufu ile ilikuwa uturi. Mtu akipita ananukia mtumba, unajua kwao wameuza mchele.

Baba alirudi na boti ya mashine, akamletea mama blauzi nyekundu, imeandikwa kifuani kwa nyuzi za kung'aa. Mama akaitazama, akasema yeye ana watoto wanne, wekundu wote ule aupeleke wapi, akanitupia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama kafi. Blauzi ikanifika magotini. Nikaifunga kiunoni kwa ukili wa mkeka, nikajiona bibi harusi. Kumbe nilifanana na sanamu ya kutishia ndege mpungani.

Nilikuwa darasa la tano, na ndiko nilikoishia, lakini nilijiona msomi. Nikawasomea wenzangu: Romanche. Wakauliza ndiyo nini. Nikasema ni mji wa Ulaya, wanawake wake hawatwangi. Wakaamini, maana hata mimi nilikwisha kuamini. Muuza duka akatubishia, akasema ni sabuni ya matajiri, aliiona Dar es Salaam.

Maalim wetu wa chuoni alikuwa hodari wa Kiarabu, ila herufi za Kizungu alizisoma kwa kuzipapasa. Akaanza R, O, M, A, akaishia hapo hapo, hakuona haja ya kuendelea.

"Somoe," akaniambia, "umebeba kanisa kifuani."

Akanikataza kuivaa Idd, na Idd ilikuwa wiki ile ile, na nguo yangu nyingine ni gauni la shule lenye kiraka matakoni. Nililia mpaka nyumba ya pili wakaja kuuliza nani kafa.

Baba akaona katukanwa yeye. Alikuwa ameikagua ile nguo mbele na nyuma, wala hakuona msalaba. Akaikunja kwapani, akatuchukua mama na mimi mpaka kwa mwalimu wa Kiingereza, kijana wa bara, aseme kama pana kanisa au hapana. Mwalimu akasoma, kisha akatazama miguu yake. Akasema si kanisa, mzee, ni mambo ya mahaba. Baba akataka kujua mahaba gani.

"Mtu kumpenda mkewe," akasema mwalimu, "halafu akamwonyesha."

Baba akakohoa. Akasema basi hiyo si nguo ya mtoto, itafaa kufutia chemni ya taa. Nami nikafungua mdomo nianze kilio upya, lakini mama alikwisha kunyoosha mkono.

"Ilete, Baba Somoe. Uliniletea mimi."

Siku ya Idd nilivaa gauni langu na kiraka changu. Mama alivaa ile nyekundu, kanga ya begani ameiteremsha makusudi. Shangazi yangu akamuuliza, "Wifi, pameandikwaje hapo?"

"Muulize kaka yako."

Baba akala pilau ameinamisha kichwa, anaichekea sahani. Sikuwahi kumwona vile, wala sikumwona hivyo tena.

Sasa wote wawili wamelala huko huko Mbwera. Mjukuu wangu mkubwa kaolewa majuzi hapa Kibiti; kasoma kunishinda, najivuna naye mpaka majirani wamechoka. Neno lile analitamka sawasawa, romansi, na ananiambia bibi, wewe wa zamani hulijui. Huyo mumewe humtumia mioyo myekundu kwenye simu, na moyo usipojibiwa kabla maji hayajachemka, wamenuniana. Juzi nilikula kwao. Walicheka sana wakati wa chakula, kila mmoja na simu yake, na mchuzi ukapoa katikati yao.