Maua Yaliyoupa Mlango Mgongo

Babu alikuwa amefariki na Bibi alikuwa amekaa eda. Hakutakiwa kuonekana na wanaume wasio maharimu wake mpaka muda wake uishe. Katika siku hizo hizo, mimi mjukuu wake nikaung'oa mlango wa mbele.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ubao mmoja kati ya mbao zake mbili ulikuwa ukikwaruza kizingiti, nikasema nitauranda kidogo tu. Kumbe mwimo wa kushoto, ile nguzo ya pembeni, mchwa wameuingia. Nilipogusa kwa patasi, ukanda wake wa nakshi ya maua ukamwagika kama unga.

Tukatundika shuka penye mlango. Upepo wa Mambrui hauna adabu. Kila ulipoipeperusha, Bibi alikimbilia chumba cha ndani. Yeye hupenda kukaa ukumbini, asikie watu wakipita. Sasa alikuwa nyuma kwenye joto, akiniita, "Mwanangu, bado?"

"Bado kidogo, Bibi."

Ami, ndugu yake baba, alikuja akatazama. "Ijumaa ikikukuta hivi, naleta mlango wa chuma kutoka Muyeye. Huu tuwauzie wenye mahoteli."

Mimi si mtu wa maneno. Niliweka karatasi juu ya nakshi ya mwimo wa kulia, nikaisugua kwa mkaa mpaka maua yakatokea, nikayahamishia kwenye ubao wa mbambakofi. Nikawa nachonga, naacha, natoka barazani, narudi. Nikajikata kidole. Alhamisi, baada ya alasiri, nikaupigilia ule ubao kwenye mwimo wa kushoto.

Muuza kahawa akasimama na birika lake. "We kijana, maua yako yamegombana? Ya kulia yanautazama mlango, ya kushoto yameupa mgongo!"

Kweli. Nilikuwa nimenakili upande wa kulia vile vile, bila kuigeuza karatasi. Nikachukua nyundo nianze kung'oa.

"Wang'oa nini tena?" Bibi aliuliza nyuma ya shuka.

Nikamweleza.

"Mimi hayajanipa mgongo. Tia mbao zako ufunge."

"Lakini Bibi, Ami akiona..."

"Ami yako ndiye akaaye eda? Funga!"

Nikazitia mbao zote mbili, nikazivuta nikiwa nje. Zikakutana bila kukwaruza. Nikasikia kitanda cha ukumbini kikilia, Bibi ameketi. Nami nikabaki barazani na nyundo, nikiyatazama yale maua ya kushoto. Nikikaa nainuka, nikiinuka nakaa.