Sweta za Shosho

Mimi ni mtu wa maswali. Nilipotoka kwetu Bahati nikaolewa Molo, mama mkwe wangu alimwambia jirani kwamba mtoto wake hakuoa mke, ameoa maswali. Siku hizi sote nyumbani tunamwita shosho, yaani nyanya, kwa sababu ya binti yangu, na huyo binti ndiye aliyenipa maswali mengi kuliko mtu mwingine yeyote.

Sikujua kwamba mtoto hujifunza mwili wake kuanzia juu. Shingo ilitangulia. Kile kichwa kizito kilikuwa kikianguka kifuani kwangu kila nikimbeba, halafu asubuhi moja kikakataa kuanguka, akawa anaangalia dirisha kama mwenye nyumba. Baadaye ukaja mgongo. Tulimkalisha ndani ya karai, tukamzungushia blanketi, nami nikakaa mbele yake nikimtazama. Aliinama upande huu, akajirudisha, akapitiliza upande wa pili, akajirudisha tena, uso umekunjamana kwa kazi. Kumbe kuketi si kutulia! Ni kuanguka kidogo kidogo na kujiokoa. Nilijaribu mwenyewe kusimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, nikahisi vidole vya mguu vikihangaika bila mtu kuvituma. Mume wangu alisema nitaanguka nivunje sinki.

Lakini baada ya kuketi, binti yangu alikwama. Pale kliniki watoto wa rika lake walikuwa wakitambaa chini ya benchi, wengine wameshika magoti ya mama zao wanasimama dede. Wangu ukimweka, alikaa. Ukimlaza kwa tumbo, alibaki palepale akipunga mikono na kulalamika. Sista alimpima, mtoto akilia kwa baridi, akamminya mapaja, akamgeuza, kisha tukamvisha haraka.

"Mama, wacha tumpe hadi kliniki ingine," sista alisema. "Kama atakuwa bado hasimami, nitakuandikia uende Nakuru, hiyo miguu na mgongo iangaliwe vizuri."

Nilimwitikia kwa sauti ya kawaida. Nilipofika nje niliketi kwenye ngazi nikalia. Niliogopa kwamba kuna kitu kimeharibika ndani ya mtoto wangu, na mimi na udadisi wangu wote sikukiona.

Nyumbani nilimtazama zaidi, na sikuona kitu. Nilichokuwa naona kila siku ni nguo. Kwa baridi ya Molo mtoto havai, anafungwa. Fulana, sweta, sweta nyingine, taiti juu ya nepi, suruali ya sufu juu ya taiti, soksi nene, kofia, kisha shali. Karibu zote shosho alikuwa amezifuma kwa mkono wake, akiwa ameketi jikoni karibu na jiko. Kila jirani alikuwa anawavisha wake hivyo hivyo, na mimi niliyetoka Bahati kwenye joto nilikuwa nani wa kubisha? Isitoshe, nilijua kwamba kabla ya mume wangu kuzaliwa, shosho alikuwa na msichana, na kifua kilimchukua akiwa bado mchanga, wakati wa baridi. Kuhusu hilo sikuwahi kumuuliza chochote.

Mwezi huohuo ng'ombe wetu akazaa. Ndama aliinua makalio kwanza, akaanguka kwa pua, akainuka tena huku miguu ikitawanyika, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa ananyonya. Nasema ukweli, nilimwonea ndama wivu. Shosho alimfunga gunia mgongoni asipate baridi.

"Shosho, na miguu je? Mbona hujaifunika?" nilimuuliza.

"Nikimfunga miguu atasimama na nini?" Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. Tulicheka, tukaenda zetu jikoni. Hakuna kati yetu aliyesikia alichosema.

Kisha tukaanza kuchimba viazi. Jua lilikuwa limetoka, lile jua la mchana ambalo Molo hulitoa kwa nadra, na mtoto alikuwa ameketi juu ya gunia mwisho wa shamba. Akainamia ndoo ya maji ya kunywa, ndoo ikammwagikia yote. Nilimvua kila kitu hadi nepi, sweta zikiwa nzito kwa maji. Shosho alikimbilia nyumbani kuleta nguo kavu, akinigombeza njia nzima. Nami nikamweka mtoto kwenye mfereji kati ya matuta mawili, penye udongo uliopata jua, ili asibingirike.

Alishika udongo kwa viganja vyote. Akavuta goti moja chini ya tumbo, akalitazama kama kitu alichookota. Akavuta la pili. Makalio yakapanda juu, akaegemea tuta, na mara miguu yake ilikuwa imesimama, magoti yanatetemeka, vidole vimejichimbia kwenye udongo mweusi. Akaketi kwa kishindo, akacheka, akaanza upya. Nilipiga magoti kati ya viazi, sijui kama nilikuwa nacheka au nalia.

Shosho alirudi na nguo amezikumbatia. Aliona, akasimama. Halafu akamvisha zote, na mtoto akakaa.

Jioni hiyo nilivaa sweta zote za mume wangu, suruali zake moja juu ya nyingine, na koti la mvua juu, nikalala sakafuni sebuleni nijaribu kutambaa. Magoti hayakukunjika. Mikono ilisimama mbali na mbavu, na nilipojaribu kuinuka nilipinduka ubavuni. Mume wangu aliingia akaniuliza, "Umechizi?" Shosho alikuwa mlangoni na chai yake. Hakucheka hata kidogo. Alinitazama nikihangaika pale chini hadi chai ikapoa, kisha akaenda kulala.

Asubuhi yake suruali ya sufu haikuonekana. Mtoto alivaa sweta moja na taiti, na shosho alimsugua miguu kwa viganja vyake hadi ikapata joto, ndipo akamweka chini. Huenda zilikuwa nguo, huenda ulikuwa wakati wake tu umefika. Mpaka leo najiuliza.

Siku ya kliniki shosho alisema atatusindikiza, akabeba shali. Foleni ilikuwa ndefu na upepo uliingia kwa mlango. Binti yangu alitambaa hadi kwenye benchi, akashika ubao, akajivuta, akasimama. Sista akapiga makofi. Mtoto akageuka aone nani anapiga makofi, akaachilia benchi, akawa amesimama katikati ya sakafu, hajashika kitu, anayumba. Shosho aliinuka nusu, shali mkononi, kisha akajilazimisha kuketi.

"Yule wangu hakufika hapa," aliniambia polepole, bila kuondoa macho kwa mtoto.

Sikumuuliza kitu. Nilimshika mkono, na ulikuwa baridi, basi nikachukua ile shali nikamfunika yeye.