Jirani Ananiomba Msamaha kwa Ugonjwa Uliotoka Kwetu

Admin, nakuomba ufiche jina langu, na jina la mlima wetu, yaani kijiji chetu, pia usiliweke.

Mi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, nimeolewa hapa Bujumbura. Asubuhi nafundisha shule ya msingi Kamenge. Mchana nilikuwa napanda kule juu, kupita Mutanga Nord, kwenye kiwanja cha familia ya mume wangu, tulipokuwa tunafuga nguruwe. Mabukwe, yaani mama wa mume wangu, anaishi palepale, na ndiye aliyewalisha nikiwa darasani.

Ukifuga huku una kazi nyingine, ugonjwa haukungoji utoke kazini. Kwa hiyo nilikuwa mkali. Mlangoni mwa banda niliweka beseni la maji ya dawa, kila mtu akanyage humo kabla ya kuingia. Mabaki ya chakula tuliyochukua kwenye mgahawa tuliyachemsha kwanza. Watoto wa nguruwe wakizaliwa niliwachoma mwenyewe sindano ya kuongeza damu. Aliyenifundisha yote hayo ni jirani yetu mmoja mjane, nitamwita Mama Neema. Nikizidiwa na mitihani ya kusahihisha, yeye ndiye alipita kuwaangalia wangu.

Msimu wa mvua uliopita, nguruwe mmoja alikataa kula. Masikio yakageuka mekundu, kisha zambarau, akafa. Wakafuata wengine. Veterineri, daktari wa mifugo, alikuja, akawaangalia, akasema ni homa ya nguruwe, haina dawa.

“Mutu haimudhuru,” alisema, “lakini itamaliza nguruwe ya mulima muzima. Wenye wamebaki muwaue, muwazike wote na chokaa. Nyama isitoke hapa hata kipande.”

Mume wangu alichimba shimo, mi nikamwaga chokaa. Sikulia. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Wakati wa kuzika niligundua kwamba nguruwe mmoja mwenye mimba hayupo. Mabukwe akaniambia amekufa alfajiri, ameshamzika nyuma ya migomba. Sikuwa na sababu ya kumbishia.

Baada ya muda nguruwe wa Mama Neema wakaanza kufa. Kisha wa majirani wengine, banda kwa banda, mpaka mlima ukawa kimya. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakamwona yeye, kwa kuwa alikuwa anaingia kwenye mabanda ya watu kusaidia. Wakina mama wa chama chetu cha wafugaji wakamwambia asije tena kwenye mikutano. Hata salamu wengine walimnyima.

Siku moja nilimkuta ananingoja kwenye geti la shule. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

“Mama mwalimu, nisamehe,” aliniambia. “Wanasema ni mi nilileta ugonjwa kwako na buti zangu, kisha nikautembeza. Nakanyagaka mu maji ya dawa kila mara, lakini pengine kuna siku nilisahau. Nawaza sana, sikumbuke.”

Nilimwambia sina neno naye. Wakati huo nilikuwa bado sijui kitu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kumsalimia mabukwe. Tulikaa tunamenya mihogo, nikamweleza jinsi Mama Neema alivyoniomba msamaha. Aliendelea kumenya.

“Ule mwenye mimba sikumuzika,” alisema. “Nilimupeleka kwa mudogo wangu.”

Mdogo wake anakaa nyuma ya nyumba ya Mama Neema.

“Alikuwa anakula vizuri,” akaendelea. “Niliona ni zambi kuua mwenye mimba. Halafu akaanza kutetemeka, tukamuchinja mbele hajakufa. Nyama tukagawia watu.”

“Na Mama Neema?”

“Nilimutumia kipande kizuri. Ni mutu wetu.”

Nilielewa palepale. Kule kwetu kila mtu, hata anayechemsha mabaki ya mgahawani, huwamwagia nguruwe maji aliyooshea nyama ya nyumbani kwake, pamoja na mifupa, bila kuchemsha. Nikamuuliza kuhusu nyama tuliyokula kwake Jumapili moja baada ya mazishi yale ya chokaa, mi na mume wangu na watoto. Alikuwa ametuambia ameinunua.

“Ni ile,” alisema.

Niliikumbuka. Ilikuwa tamu, niliongeza hata mara ya pili. Nilimaliza kumenya mihogo yangu, nikaiosha, nikaiweka jikoni, nikaaga vizuri.

Usiku nilimwambia mume wangu.

“Unataka watu wamufanye nini mama?” aliniuliza. “Ule ni muzee. Ukisema, hatakuwa tena na mahali pa kukaa ku mulima. Mama Neema ana nguvu, atapita mu ile mambo. We nyamaza.”

“Na yeye anayejilaumu?”

“Apana, usiniulize hiyo.”

Tangu hapo hatujaizungumzia tena. Nafundisha, nakula, nalala. Watu wanadhani nina huzuni ya mifugo, wananipa pole, mi naitikia. Ukweli ni kwamba sisikii kitu. Mabukwe simchukii. Alinipokea nilipofika katika nchi hii bila ndugu hata mmoja, akanilelea watoto. Mume wangu pia simchukii.

Sasa wakina mama wa chama watakutana Jumapili hii baada ya ibada, waamue kama Mama Neema ataruhusiwa kufuga tena pale mlimani. Ameniomba nikae pembeni yake niseme kwamba mi nimemsamehe. Anaamini neno langu litamwokoa, kwa sababu ugonjwa ulianzia kwangu. Mabukwe naye atakuwepo, ni mmoja wa wazee wa chama.

Nikisema nimemsamehe, nitakuwa nimethibitisha mbele ya wote kwamba alikosa. Nikisema kweli, namwaibisha mama wa mume wangu mbele za watu, na sijui kama nitarudi nyumbani nikiwa bado na ndoa. Nikikosa kwenda, atakaa pale peke yake.

Wenzangu mnaosoma hapa, nishaurini. Siku hiyo nisimame niseme nini?